Kibodi Iliyokataa Kushuka

Naomba radhi mapema, wasomaji wangu: nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Mmoja wenu akidhani ameitambua, kosa ni la macho yake, aende akapimwe. Inaitwa Jamhuri ya Njookesho, na kama ingekuwepo ingekuwa mbali sana na kwenu, ng'ambo ya nchi nyingine mbili ambazo nazo hazipo.

Katika nchi hiyo palikuwa na Wizara ya Kuzaliwa, Kufa na Mambo ya Katikati. Katika chumba namba nne, kile kilichopakana na choo, alikaa Bi Tunu Shekibula, karani wa vyeti vya kuzaliwa. Miaka kumi na tisa yuko kwenye kiti hicho hicho. Mtu aweza kuzaliwa popote Njookesho, kitandani, shambani, hata kwenye foleni ya kusubiri daktari, lakini serikali haina habari naye mpaka Bi Tunu acharaze jina lake kwenye kompyuta, karatasi itoke, na Katibu Mkuu atie sahihi. Alikuwa na vidole vyepesi mno, hata wenzake wa chumba namba tano wakimsikia anacharaza walikuwa wakikimbilia kufunga madirisha wakidhani mvua imeanza.

Balaa lilianzia kwenye usafi. Wizara ilitangaziwa ugeni mzito, basi ukashuka Waraka Namba Saba: vifaa vyote vya ofisi vioshwe kwa maji mengi na sabuni. Ugeni wenyewe haukufika, ulipitiliza kwenda kula wizara ya jirani. Lakini waraka ni waraka. Mfagizi akaichukua kibodi ya Bi Tunu, akaifua, akaisuuza, akaikung'uta, akaianika kwenye kamba pamoja na mapazia. Kipanya akakiloweka kwenye ndoo kutwa nzima, maana alikiona kina madoa sugu.

"Imetakata, mama," akasema siku ya pili, anatabasamu.

Ilitakata kweli. Haikuandika tena hata herufi moja. Bi Tunu akazunguka kuazima, akakuta za vyumba vyote vya chini nazo ziko kambani. Za ghorofani peke yake ndizo zilizosalimika, kwa sababu katika Njookesho waraka huelekea chini, haupandi ngazi.

Sasa sikilizeni kilichomkosesha mama huyu usingizi. Darasa la saba walikuwa wanajiandikisha kwa mtihani wa taifa, na bila cheti cha kuzaliwa hakuna mtihani, bila mtihani hakuna sekondari. Daftari lilikuwa lifungwe Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba, saa kumi kamili jioni. Wengi walishapata vyeti vyao kabla ya kibodi kufuliwa. Walibaki watoto sitini na watatu wa Shule ya Msingi Mtakuja, fomu zao zimelala mezani kwa Bi Tunu. Na wa sitini na tatu alikuwa Siwema, bintiye wa kumzaa. Kinyozi hajinyoi. Mama aliyeandikia nchi nzima vyeti, wa kwake alikuwa akimwambia "wiki ijayo, mwanangu" tangu ananyonya.

Akaandika barua. Aliomba kibodi moja na kipanya kimoja, vya kawaida, vya kufanyia kazi. Ilikuwa mwezi wa tatu.

*

Barua ilimfikia Bwana Nyakunga, Afisa Ugavi, mtu mwenye kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Akamwita Bi Tunu, akamkalisha.

"Bi Tunu, kibodi si nyanya," alisema. "Huendi tu gengeni ukabonyezabonyeza ukachukua. Hiki ni kifaa cha dola."

"Nataka ya kuandikia tu, kaka Nyakunga."

"Hapo ndipo mnapokosea nyie watu wa chini. Mnataka kuandika tu."

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Uteuzi wa Kibodi na Kipanya, wajumbe kumi na mmoja, wawili kati yao wamewahi kuiona kibodi kwa karibu. Kikao cha kwanza kilijadili kama iwe na waya au isiwe na waya. Mjumbe wa usalama akasimama, akafunga vifungo vya koti, akaonya kwamba isiyo na waya hurusha maneno hewani, na jirani mwenye nia mbaya akitega chujio anaweza kuyakinga yote. Mjumbe wa itifaki akasema waya nao unaweza kumkwaza Mheshimiwa akaanguka mbele ya wapiga picha. Walibishana siku tatu. Wakakubaliana iwe isiyo na waya, lakini inunuliwe pamoja na waya, na huo waya ukae kabatini chini ya ulinzi.

Kikao cha pili kikawa juu ya vibonye: viwe laini au viwe vya kulia? Bi Tunu, aliyeitwa kama mtaalamu mwalikwa na kukalishwa karibu na mlango, alinyoosha mkono akasema laini ni nafuu kwa vidole vya mtu anayeandika kutwa.

"Serikali ikifanya kazi kimya kimya," mwenyekiti akamjibu, "wananchi watadhani haifanyi kazi. Vilie!"

Wakapiga makofi. Kwenye kipanya wakauliza kinatosha vibonye vingapi. Bi Tunu akasema viwili. Wakaangaliana kwa huruma. Mmoja akamweleza taratibu kwamba nchi jirani wanavyo vyenye vibonye kumi, hivyo Njookesho haiwezi kukubali chini ya kumi na viwili, hata kama kumi havitabonyezwa na mtu mpaka siku ya kiama. Hilo nalo likapita.

Halafu kamati ikapanda ndege kwenda nchi ya theluji kujifunza, siku tisa. Ikarudi na masweta, mafua na ripoti nene. Katibu Mkuu aliisoma ripoti jalada lake lote, akaandika pembeni kwa mkono wake: "Naafiki. Viwe pia na uwezo wa gemu, kwa ajili ya kunoa akili ya uongozi."

Mwezi wa sita mzigo ukafika. Bi Tunu aliposikia alikimbia mpaka stoo, kiatu kimoja kikamvuka. Akakuta sanduku tupu.

"Vifaa viko wapi?"

"Bi Tunu, wewe mgeni hapa?" Bwana Nyakunga akashangaa. "Kuna Sheria ya Mteremko."

Loo, nilisahau kuwaambia. Katika Njookesho kitu kipya hakianzii chini, ni utovu wa adabu. Kikinunuliwa kiti cha mlinzi, anakikalia kwanza Katibu Mkuu, cha Katibu Mkuu anapewa naibu, cha naibu anapewa mkurugenzi, hivyo hivyo mpaka mlinzi apate kile kilichobaki na miguu mitatu. Kibodi ya Bi Tunu ilianzia juu kwa Katibu Mkuu. Ya zamani ya Katibu Mkuu ingeshuka kwa naibu, na kadhalika, mpaka chumba namba nne kijaliwe chochote.

"Haya, mteremko uanze basi," akasema Bi Tunu.

"Hauwezi kuanza. Kifaa kipya lazima kwanza kithibitishwe katika mazingira magumu. Mheshimiwa yuko kwenye majaribio."

"Majaribio gani?"

Bwana Nyakunga akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Kuna ngome inamsumbua."

*

Mpaka Jumatano ya wiki ile ya mwisho ya mwezi wa saba majaribio yalikuwa yakiendelea. Chini walikuwa wakisikia kibodi ikilia juu ya dari, kachakacha, kachakacha, na mara moja moja sauti ya Mheshimiwa ikipiga kelele, "Rudini nyuma, wajinga nyie!" Wageni waliokuja kufuata vyeti vya vifo walidhani anaongea na wakurugenzi, wakazidi kumheshimu.

Bi Tunu akaona liwalo na liwe. Saa ya chakula akaenda dukani kwa Mama Shani, nyuma ya posta, anakouza vifaa vya kompyuta.

"Unaandika sana?" Mama Shani akamuuliza.

"Kutwa."

"Lete mkono." Akaushika, akaupima kwa macho. "Achana na hizi za mataa, hizo ni za wacheza gemu, wanataka vibonye vya kujibu haraka. Wewe chukua hii. Vifupi, laini, kifundo cha mkono kinalala. Na kipanya hiki, kidogo, kinakaa kiganjani. Kile kikubwa utapata ganzi. Jaribu hapo."

Bi Tunu akajaribu. Vidole vyake, ambavyo havikuwa vimegusa kibodi nzima miezi minne, vikakimbia vyenyewe. Machozi yakamlenga. Uteuzi wote haukufika muda wa kumaliza soda.

Kwenye geti la wizara mlinzi akafungua mfuko.

"Hii kibodi haina namba ya mali ya serikali."

"Ni yangu, baba. Nimenunua mwenyewe nifanyie kazi ya serikali."

"Ndiyo inatisha zaidi hivyo. Mtu anunue kwa hela yake afanye kazi ya serikali? Una ajenda gani?" Akaigeuza juu chini. "Mama, kibodi isiyo na namba ni sawasawa na mtu asiye na cheti cha kuzaliwa. Haipo."

Akaiandika kwenye daftari la watuhumiwa, akaifungia pamoja na kipanya chake. Bi Tunu akarudi chumba namba nne mikono mitupu. Nyumbani jioni Siwema akamuuliza, "Mama, mwalimu anasema asiye na cheti asije Jumatatu. Niende nisiende?" Bi Tunu akamwambia aende. Hakujua amemwambia hivyo kwa nguvu gani.

*

Ijumaa, saa saba mchana, Bi Tunu alizibeba fomu zote sitini na tatu, akapanda ghorofani, akampita katibu muhtasi aliyekuwa amesinzia, akafungua mlango bila kubisha.

Mheshimiwa Daktari Polikarpo Mbwembwe, Katibu Mkuu, alikuwa amevua koti, tai imerushwa begani, jasho linamtiririka. Mbele yake kibodi iliwaka rangi zote za bendera na nyingine ambazo bendera haijawahi kuzisikia. Kipanya chenye vibonye kumi na viwili kilijaa kwenye kiganja chake. Kwenye kioo moshi ulikuwa unafuka juu ya ukuta wa mawe.

"Mheshimiwa, shikamoo. Nina watoto sitini na watatu. Saa kumi daftari linafungwa. Naomba saa mbili tu za kibodi hiyo."

Hakugeuka. "Mama, taifa haliendeshwi kwa pupa. Kifaa hiki kikishuka kwenu kabla ya kuthibitishwa, kesho mtasema tuliwapa kibovu. Mimi ninajitoa mhanga hapa. Miezi miwili nipo ngome ya tisa. Umewahi kuona kiongozi anayejitoa hivyo?"

"Hao watoto wakikosa mtihani, Mheshimiwa?"

"Mwakani upo. Miaka haijaisha."

Bi Tunu alisikia damu inampanda kichwani. Miaka kumi na tisa hajawahi kumtukana mkubwa, na siku hiyo tusi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limevaa na viatu. Pale pale kioo kikawa chekundu, ukatokea mstari wa maandishi madogo.

"Inasemaje hapo?" akauliza Katibu Mkuu, amekunja uso. Macho yalikuwa hayaoni karibu, lakini miwani hakuvaa, maana picha yake ya ukutani haikuwa na miwani na hakutaka kupishana nayo.

Maandishi yalisema: umeshindwa, jaribu tena. Bi Tunu akayasoma. Akameza tusi.

"Inasema askari wako wamekwisha, Mheshimiwa. Ngome ya tisa haitekwi mpaka uandikishe askari wapya."

"Ehee! Nilijua tu kuna kitu. Wangapi?"

"Sitini na watatu."

"Wengi hao."

"Tena kwa majina kamili, tarehe ya kuzaliwa, mahali, jina la baba na jina la mama."

Katibu Mkuu akapiga meza. "Hawa waliotengeneza gemu hili ni watu makini! Sisi huku jeshi letu lenyewe halina kumbukumbu hizo. Sasa nitawatoa wapi?"

"Kwa bahati nzuri nimekuja na orodha," akasema Bi Tunu. "Nipishe nicharaze, wewe unisomee."

Wee, Mheshimiwa akanyanyuka kitini kama mtu aliyekaa kwenye siafu. Bi Tunu akakaa, akafunga ile ngome, akafungua ukurasa wa vyeti. Kompyuta ya Katibu Mkuu inafungua kila mlango wa serikali, ingawa mwenyewe alikuwa hajawahi kuufungua hata mmoja. Fomu zilijazwa kwa herufi kubwa kama sheria inavyotaka, hivyo Mheshimiwa akizinyoosha mbali aliziona vizuri.

"Fomu nzuri hii. Ya wapi?"

"Ya wizarani, Mheshimiwa."

"Wizara gani?"

"Yetu."

"Hongereni," akasema, akakohoa, akaanza kunguruma. "Askari wa kwanza! Hamza Mapinda Kondo! Kazaliwa tarehe nne mwezi wa tano! Baba, Mapinda Kondo, mchoma mkaa! Mama, Zaituni Ali!"

Vidole vikaruka. Vibonye vikalia wizara nzima ikasikia, na kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, kibodi ile ikaandika jina la mtu. Mashine ya kuchapa kando ya dirisha ikatema karatasi.

"Hiyo nini?"

"Kitambulisho cha askari. Kinataka sahihi ya amiri."

"Bila sahihi ya amiri huyo si askari, ni mgambo!" Akavuta kalamu, akasaini, akagonga muhuri kwa ghadhabu ya vita. Alikuwa hajasaini kitu siku hiyo hiyo kilipoletwa tangu ateuliwe.

Wakaenda hivyo. Mtoto wa mshona viatu, wa muuza mihogo, wa dereva wa mkokoteni, wa mama lishe, wa mlinzi yule yule wa getini. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Mheshimiwa sauti ilikuwa inamkauka lakini haachi. Alipofika fomu ya hamsini na tisa akasita, akakuna kidevu.

"Bi Tunu, kuna jambo. Nimesoma wote hawa, mbona sijakutana na mtoto wa mkubwa hata mmoja? Hakuna wa waziri, hakuna wa mkurugenzi. Wangu mwenyewe hayumo."

Mashine ikanyamaza. Bi Tunu aliangalia saa ya ukutani, akaona ameshaingia kwenye kisima, bora aguse chini.

"Wao hawapigani, Mheshimiwa. Wao hukabidhiwa ngome ikishatekwa."

Katibu Mkuu akazitazama tena fomu. Uso ukamkunjuka.

"Sawasawa kabisa," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa. Lete mwingine."

Wa mwisho kabisa akanguruma: "Siwema Athumani Shekibula! Baba, marehemu! Mama, Tunu..." Akatazama fomu, akamtazama Bi Tunu. "Umemtoa na wako?"

"Nimemtoa, Mheshimiwa."

"Uzalendo huo," akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima ya kweli, akasaini. Bi Tunu akaipokea karatasi ile, akaiweka juu ya zile sitini na mbili.

*

Saa kumi kasoro dakika sita mama mmoja wa makamo alionekana akikata uwanja wa Shule ya Msingi Mtakuja, viatu mkononi, karatasi amezikumbatia kifuani. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Gaudensia, alikuwa ameshafungua kofia ya kalamu kupiga mstari mwekundu chini ya daftari. Watoto sitini na watatu wamekaa barazani, hawachezi.

Mwalimu akaipokea ya kwanza, akaisoma. Akaipokea ya pili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena, akaziinua karatasi zile juani kuangalia kama wino ni wa kweli.

"Bi Tunu, hii sahihi ya Katibu Mkuu mwenyewe?"

"Ya mwenyewe."

"Ya leo? Zote?"

"Za leo. Andika, mwalimu, muda unakwenda."

Mwalimu akaanza kuandika, haraka, jina juu ya jina, na huko barazani kila aliyeitwa aliruka akapiga ukelele. Siwema alipoitwa alimrukia mama yake shingoni, na Bi Tunu, ambaye miezi minne hakulia mbele ya mtu, akalia hapo hapo mbele ya wote bila kujificha. Kengele ya saa kumi ikagonga, Mwalimu Gaudensia akapiga mstari wake mwekundu. Kisha akamvuta Bi Tunu pembeni, akamnong'oneza, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angenong'ona katika nchi ile.

"Niambie kweli, dada yangu, sitamwambia mtu. Mlimpa nini yule?"

Bi Tunu akajifuta machozi.

"Kazi, mwalimu," akasema. "Nilimpa kazi."